Idara ya Utafiti, Newala

Idara ni mimi.
Nina kiti kimoja, mguu wake wa nne ni tofali,
na kabati la chuma lililokuwa la mnunuzi wa korosho.
Ukivuta droo ya chini bado linatema vumbi la maganda,
nami hupiga chafya juu ya siri za watu.

Januari niliwaomba makao makuu
msaidizi, rimu mbili za karatasi, nauli ya Kitangari.
Machi zikaja fulana mia tatu,
zote saizi ya watoto.

Basi.
Asubuhi za kipupwe, mji umejifunika ukungu hadi saa tatu,
mimi niko kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri
nanakili zabuni kwa mkono,
maana kwa Likwata nakala ni shilingi mia
na Likwata hakikopeshi chama.
"Chama hakina mama," asema, "nikamdai nani?"

Nina kalamu nne.
Bluu ni ya fedha za barabara.
Nyekundu ni ya ahadi: nani alisema, jukwaa lipi,
na kama mvua ilinyesha watu wakatawanyika kabla hajamaliza.
Nyeusi ni ya salfa iliyofika
ubwiri unga ukiwa umeshakula maua ya mikorosho.
Kijani nilimwazima mwanangu Fahima, wa darasa la tatu,
nikaandikia kisima kilichozinduliwa mara mbili
na ndoo haijalowa.

Nikiwa na hasira herufi zangu husimama wima.
Nikichoka hulala kushoto, kama mahindi baada ya upepo.
Wiki ya malaria niliandika kurasa sita
ambazo mwenyewe sizisomi.
Na kwa kuwa sina nakala, ukurasa ni mmoja tu:
naukunja, nampa dereva wa bodaboda,
anautundika kijiji fulani, kwenye ukuta wa bucha,
kesho kijiji kingine, ukurasa mwingine.

Agosti wakaja wa upande wa pili.
Gari jeupe. Vijana watano, vishikwambi vitano,
posho ya kulala nyumba ya wageni yenye maji ya bomba,
maji, hapa Newala!
Mmoja, Chitanda, mpole, viatu vyake bado vina harufu ya duka,
akaniuliza masijala iko wapi.
Nikamwelekeza. Faili ni la umma.
Nikamwazima na kalamu ya bluu.
Hakuirudisha.

Jana Likwata akaniita kwa kidole.
"Mama Fahima, wale wamesahau kitu kwenye mashine."
Karatasi imelala kifudifudi juu ya kioo.
Juu imeandikwa SIRI.
Chini:

*Idara yao ya utafiti, Newala.
Watumishi hawapungui kumi na wawili. Ofisi yao haijulikani.
Tumekusanya miandiko kutoka bucha tisa.
Mmoja ni mzee, mkono unatetemeka.
Mmoja ni mkali, huenda aliwahi kuwa askari.
Yupo mvivu, herufi zake zinalala.
Wanatumia na mtoto (kalamu ya kijani).
Mkuu wao hajatambulika.
Tunaomba kuongezewa watu.*

Nilicheka hadi Likwata akazima mashine.
Kisha nikanyamaza.
Nilikuwa namfikiria yule mzee anayetetemeka,
usiku ule, blanketi mbili, taa ya simu mdomoni,
na hakuna hata mmoja wa wale kumi na mmoja
aliyemchemshia maji.

Nikalipa mia yangu. Nikatoa nakala.
Ya kwao nikairudisha kwenye kioo,
kifudifudi, kama walivyoiacha.

Leo nimetuma makao makuu, kwa basi la alfajiri,
nakala ile, na chini yake ombi la Septemba,
kwa kalamu nyeusi, mwandiko wa kusimama:

viti kumi na kimoja.
Kimoja ninacho.